Skrini kubwa ya sinema: tuketi wapi, na tutaona nini tusichokiona nyumbani?

Swali la msomaji: "Nimezoea kutazama filamu kwenye televisheni ya inchi 55, na mara nyingine kwenye simu. Mwezi ujao nitakwenda kwa mara ya kwanza kutazama filamu ya hadithi ya karibu saa tatu kwenye skrini kubwa kabisa, ile inayoanzia karibu na sakafu na kufika darini. Nimepanga kwenda na mama yangu mwenye umri wa miaka 68. Rafiki mmoja ameniambia kwamba hiyo ni picha ileile iliyokuzwa tu, nisijisumbue. Mwingine anasisitiza tuketi mbele kabisa ili picha itumeze. Mama husikia kizunguzungu akisafiri kwa gari. Je, kuna tofauti ya kweli, na tuketi wapi?"

Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kukata tiketi, kwa sababu katika jambo hili kiti ndicho kinachoamua karibu kila kitu. Rafiki yako wa kwanza angekuwa na haki kama mngeketi mahali pasipofaa, na wa pili, kwa nia njema kabisa, angemharibia mama yako siku nzima. Nitaanza na tofauti yenyewe, kwa kuwa ukishaielewa utaweza kujichagulia kiti katika ukumbi wowote bila kumtegemea mtu.

Jicho halipimi ukubwa kwa mita, linapima kwa pembe. Chukua simu yenye kioo cha sentimita 15, ilaze, ishike umbali wa sentimita 35 kutoka usoni: picha itajaza pembe ya nyuzi 24 hivi kutoka kushoto hadi kulia. Televisheni yako ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122, na ukiketi mita mbili na nusu mbele yake unapata nyuzi 27. Kwa jicho lako, basi, simu na televisheni vinakaribiana sana, ingawa kimoja huingia mfukoni na kingine kimejaza ukuta. Katika ukumbi wa kawaida wa sinema wenye skrini ya mita 10, mtu aliyeketi umbali wa mita 12 anapata nyuzi 45. Sasa chukua skrini yenye upana wa mita 22 na kimo cha zaidi kidogo ya mita 15, ukae mita 15 mbele yake: picha inajaza nyuzi 72. Lakini rudi nyuma hadi mita 30, na skrini hiyohiyo inakubakishia nyuzi 40, yaani pungufu ya alizopata yule aliyeketi vizuri katika ukumbi wa kawaida. Hapo rafiki yako wa kwanza angekuwa amesema kweli.

Hata hivyo pembe peke yake haimalizi habari, la sivyo ungeweza kuisogeza simu hadi sentimita 10 kutoka puani ukajipatia sinema yako. Jicho linalotazama kitu cha karibu hulazimika kujikaza ili kukiona kwa ukali, na macho mawili hulazimika kugeukiana kidogo kuelekea ndani. Kupitia juhudi hiyo ubongo hujua kwamba kilicho mbele yako ni kioo bapa kilichoshikwa mkononi. Skrini iliyo umbali wa mita 15 inatazamwa na jicho lililotulia, kama linavyotazama nje dirishani, na kwa umbali huo jicho la kushoto na la kulia hupokea picha ambazo karibu hazitofautiani. Ubongo hukosa ushahidi wa wazi kwamba anga lile na milima ile imechorwa juu ya kitambaa. Hii ndiyo sababu watu wengi wanaotoka kwenye skrini kubwa husema wameona kina cha picha, ingawa filamu haikuwa ya pande tatu na hawakuvaa miwani yoyote.

Jambo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi, ni kwamba picha ya ukubwa huo haitoshi ndani ya mtazamo mmoja. Sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ile inayoona kwa ukali kamili, hufunika nyuzi 2 tu hivi, ambazo ni upana wa kidole gumba ukiunyoosha mkono mbele yako. Sehemu nyingine zote za upeo wako zinaona kwa ukungu, na macho huzunguka haraka sana kukusanya vipande hadi tunadhani tunaona kila kitu kwa pamoja. Kwenye televisheni kazi hiyo huisha mapema, maana picha yote imo ndani ya nyuzi 27 na jicho halisafiri mbali. Kwenye nyuzi 72 jicho husafiri kweli, na kichwa nacho hugeuka kidogo. Ukimtazama mzungumzaji aliye upande wa kushoto, aliye kulia anabaki kwenye ukungu wa pembeni. Akitikisika utahisi mtikisiko wake kabla hujamgeukia. Yaani unafanya kile unachofanya ukiwa chumbani na watu wawili halisi. Mwongozaji amekuwekea mandhari, lakini ni wewe unayeamua uangalie wapi, na watu wawili walioketi jirani wanaweza kutoka wakiwa wameona vitu tofauti katika tukio moja.

Nikupe mfano ulio karibu zaidi. Fikiria picha ya uwanda mtupu, na mbali kabisa mtu mmoja anatembea, akiwa na kimo cha sehemu moja ya mia ya kimo cha skrini. Kwenye televisheni yako mtu huyo ana urefu wa milimita 7. Kwa umbali wa mita mbili na nusu, jicho zuri linaweza kutofautisha kitu kama mistari kumi tu katika mwili wake wote, kuanzia kichwani hadi miguuni. Utajua kwamba ni mtu, utajua kwamba anatembea, basi. Kwenye skrini ya mita 15 mtu huyohuyo ana urefu wa sentimita 15, na kutoka kwenye kiti chako cha mita 15 jicho lako lina uwezo wa kutofautisha zaidi ya mistari 30 katika mwili wake. Sasa unaona kwamba anachechemea mguu wa kushoto, kwamba mkono mmoja umebeba kitu na mwingine umeshika kofia kwa ajili ya upepo. Habari hiyo ilikuwemo pia kwenye televisheni yako ikiwa ni ya 4K, yaani yenye vinukta vya picha karibu elfu nne kwa upana, lakini jicho lako halikuweza kuifikia kutoka kwenye kochi. Ndiyo sababu nasema kwamba kukuza picha si kurudia kitu kilekile kwa ukubwa zaidi. Kuna hadithi zinazosimuliwa kwa vitu vidogo vilivyo mbali, na hadithi hizo hazisomeki mpaka picha iwe kubwa.

Ila ukikuza picha unakuza na kasoro zake, na mapambano dhidi ya jambo hilo ndiyo historia yote ya skrini kubwa. Mwaka 1952 mjini New York ulizinduliwa mfumo wa Cinerama, uliotumia projekta tatu kwa pamoja kuijaza skrini iliyopindwa kama upinde wa nyuzi 146. Ulishangaza watu, lakini mahali picha mbili zilipokutana mshono ulionekana, na wapigapicha walilazimika kuuficha nyuma ya mti au nguzo. Mwaka 1953 mfumo wa CinemaScope ulichagua njia nyingine: picha pana ilibanwa kwa lenzi ili iingie kwenye utepe wa kawaida wa filamu wa milimita 35, kisha ikapanuliwa tena ukumbini. Upana ukapatikana, lakini picha ile ndogo ilikuwa imetandazwa juu ya eneo kubwa mno, na chembechembe za filamu zikaanza kuonekana.

Wakanada waliounda IMAX, mfumo wa skrini kubwa kabisa kama hiyo yako, Graeme Ferguson, Roman Kroitor, Robert Kerr na mhandisi William Shaw, waliamua kulishughulikia tatizo kwenye mzizi wake kwa kuikuza fremu yenyewe, yaani kila picha moja moja iliyomo kwenye utepe wa filamu. Walichukua filamu ya milimita 70 wakailaza, ipite kwenye kamera na projekta kutoka upande mmoja hadi mwingine badala ya juu kwenda chini, ili kila fremu ichukue nafasi ya matundu 15 ya pembeni, yale yanayoshikwa na meno ya gurudumu. Fremu hiyo ina upana wa takribani milimita 70 na kimo cha milimita 48, eneo lililo zaidi ya mara nane ya fremu ya milimita 35. Nakumbuka siku nilipoishika kwa mara ya kwanza fremu ya aina hiyo dhidi ya mwanga wa dirisha. Nilikuwa nimezoea fremu ndogo ambazo unahitaji kioo cha kukuzia ili kutambua aliyemo ndani yake. Hii niliisoma kwa macho matupu, nikaona vifungo vya shati la mtu aliyesimama nyuma ya wengine.

Tatizo lililofuata lilikuwa la mwendo. Fremu kubwa kiasi hicho, zikipita 24 kila sekunde, zinaifanya filamu ikimbie karibu mita 1.7 kwa sekunde, na ukiivuta kwa meno ya gurudumu, isimame, ivutwe tena, itachanika. Ufumbuzi ulitoka kwa Ron Jones wa Australia, aliyebuni namna ya kuisogeza filamu kama wimbi dogo linalobingirika juu ya gurudumu, hivyo kila fremu hutua taratibu mahali pake badala ya kunyakuliwa. Ikishatua, mvuto wa hewa huibana dhidi ya kioo ili isitikisike hata kidogo, kwa sababu mtikisiko wa upana wa unywele kwenye filamu ungeonekana ukumbini kama tetemeko. Filamu ya kwanza ya mfumo huo ilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na mwaka uliofuata ukafunguliwa ukumbi wa kwanza wa kudumu, Cinesphere, mjini Toronto.

Unaweza kuuliza kwa nini basi miaka mingi skrini hizi zilionyesha filamu za dakika 40 hivi kuhusu bahari, milima na anga za juu, na siyo hadithi ndefu kama unayokwenda kuitazama. Jibu limo katika mwendo huohuo. Mita 1.7 kwa sekunde ni zaidi ya mita 100 kwa dakika. Kasha la filamu la mita 300 linaloingia kwenye kamera huisha kwa dakika tatu tu, na kamera yenyewe ina kelele kubwa kiasi kwamba mazungumzo ya chinichini yakirekodiwa karibu nayo hayasikiki vizuri. Kwenye upande wa maonyesho, sahani kubwa zinazobeba filamu zilikuwa na kikomo. Apollo 13, filamu ya mwaka 1995, ilipotengenezwa upya kwa ajili ya skrini hizo mwaka 2002 ilibidi ipunguzwe, kwa sababu sahani za wakati huo zilibeba saa mbili hivi na si zaidi. Mwaka 2008 The Dark Knight ilikuwa filamu kubwa ya kwanza ya hadithi kupiga baadhi ya matukio yake kwa kamera za IMAX. Na mwaka 2023 Oppenheimer, yenye saa tatu, ilifika katika kumbi chache zenye projekta za filamu ikiwa na urefu wa kilomita 18 hivi na uzito wa karibu kilo 270. Ninapofikiri kwamba urefu wote huo unapita mbele ya taa moja bila kukatika, kwa mkono wa mtu aliyeuunganisha kipande kwa kipande, nakiri kwamba bado nasisimka.

Huenda ukumbi unaokwenda hautumii utepe wa filamu kabisa, na hapo ndipo ninapokuomba uulize kabla ya kulipa. Kuanzia mwaka 2008 kumbi nyingi zilifungwa projekta za dijitali zenye pikseli, yaani vinukta vya picha, 2048 kwa upana, na baadaye, kuanzia mwaka 2014, zikaja projekta za leza zenye pikseli 4096. Jicho zuri hutofautisha takribani pikseli 60 katika kila uzi mmoja wa pembe. Ukitandaza pikseli 4096 kwenye nyuzi 72 unapata kama 56 kwa kila uzi, karibu kabisa na kikomo cha jicho, na picha inaonekana laini. Ukitandaza 2048 kwenye nyuzi hizohizo unapata 28, na aliyeketi karibu ataanza kuona picha imefumwa kama wavu, hasa kwenye kingo za herufi nyeupe. Kwa hiyo ukiambiwa ni leza ya 4K au ni filamu ya milimita 70, unaweza kusogea mbele kwa amani. Ukiambiwa ni projekta ya dijitali ya zamani, rudi safu mbili tatu nyuma. Ujue pia kwamba jina la IMAX mlangoni halikuhakikishii skrini inayofika darini. Kumbi nyingi zenye jina hilo ni za ukubwa wa kati ndani ya majengo ya sinema za kawaida.

Uliza na umbo la picha. Skrini za awali zenye kimo kikubwa zina uwiano wa upana kwa kimo wa 1.43 kwa 1, si mbali sana na mraba. Nyingi za kisasa zina 1.90 kwa 1. Filamu nyingi za hadithi zimepigwa kwa umbo pana lenye kimo kidogo, la 2.39 kwa 1, na zikionyeshwa kwenye skrini ya mita 22 zinatumia kimo cha mita 9 tu; mita 6 zinazobaki ni giza. Picha bado ni pana, lakini ile hali ya ukuta mzima kufunguka hutaipata. Nyingine zimepigwa kwa kuchanganya, na katikati ya hadithi utaona picha inarefuka ghafla juu na chini, kisha inarudi. Mama akikuuliza kama mtambo umeharibika, mwambie hapana: matukio ya wazi yamepigwa kwa kamera kubwa na ya mazungumzo kwa kamera tulivu zaidi.

Waliopiga filamu kwa kuifikiria skrini hii huitengeneza kwa namna yake. Utaona nyuso zimewekwa chini kuliko ulivyozoea, na juu yake kuna nafasi kubwa ambayo kwenye simu ingeonekana imepotea bure. Sababu ni kwamba kwenye ukumbi wa mteremko mkali macho ya watazamaji wengi yako usawa wa sehemu ya chini ya picha, na uso ukiwekwa juu watu wote wangeinua shingo kwa saa tatu. Utaona pia kwamba picha haikatwi haraka haraka, maana jicho linahitaji muda wa kutembea. Na kamera ikigeuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, hugeuka polepole. Hapa hesabu inaonyesha kwa nini: kitu kinachovuka skrini nzima kwa sekunde mbili hupita katika fremu 48, kwa hiyo kwenye televisheni yako kinaruka sentimita mbili na nusu kila fremu, na jicho linaisamehe miruko hiyo. Kwenye skrini ya mita 22 kinaruka sentimita 46 kila mara, na jicho huona kitu kinachodundadunda badala ya kitu kinachopita. Filamu iliyopigwa bila kuzingatia hilo huchosha macho hata kwenye kiti bora.

Kuhusu sauti sitasema mengi. Skrini imetobolewa matundu madogo mno yasiyoonekana, na spika ziko nyuma yake, ndiyo maana maneno yanatoka kinywani mwa anayesema. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliyeketi mita 30 nyuma huisikia ikiwa imechelewa kwa fremu mbili hivi, jambo ambalo karibu kila mtu halitambui. Ngurumo za chini zina nguvu ya kutikisa kifua. Mchukulie mama vizibo vya masikio vya sponji. Akivihitaji atavitumia, na maneno ataendelea kuyasikia.

Sasa viti. Mbele kabisa, tuseme mita 7 kutoka kwenye skrini hii ya mfano wetu, picha ingejaza nyuzi 115 za upana, na ukingo wake wa juu ungekuwa zaidi ya nyuzi 60 juu ya macho yenu. Wataalamu wa kumbi hushauri ukingo wa juu usizidi nyuzi 35, kwa sababu zaidi ya hapo shingo inapinda na kubaki imepinda. Aidha nyuso zingeonekana zimerefuka kama zinatazamwa kutoka shimoni. Kumezwa anakokusifia rafiki yako kunapatikana mita 15 kutoka kwenye skrini, ambako ukingo wa juu uko kwenye nyuzi 35 hizo hasa na upana ni nyuzi 72. Kama ungekuwa unakwenda peke yako ningekuambia uketi hapo, katikati ya safu.

Lakini hauko peke yako. Kizunguzungu cha mama akiwa garini kinatokana na mgongano: masikio ya ndani, yanayopima mwendo wa mwili, yanasema jambo moja na macho yanasema lingine. Kwenye skrini kubwa mgongano ni uleule ila umegeuzwa. Mwili umetulia kitini, lakini upeo wa pembeni wa jicho, ambao ni hodari sana wa kuhisi mwendo, unapokea ardhi yote inayokimbia, na ubongo unaamini kwamba ni mwili unaosonga. Kwa kijana asiye na tatizo hiyo ni raha kubwa. Kwa mtu anayezidiwa barabarani inaweza kuwa kichefuchefu ndani ya dakika chache. Kinachomwokoa ni kuwa na kitu kisichosogea pembeni mwa upeo wake: ukuta, vichwa vya watu wa mbele, ukingo wa skrini wenyewe. Kwa hiyo mrudishe nyuma hadi mita 18 au 20 katika ukumbi wa kipimo hiki, ambako picha ni nyuzi 60 hivi. Bado ni zaidi ya mara mbili ya televisheni yako, bado atageuza macho kutafuta, lakini kingo za skrini ataziona muda wote. Katika kumbi nyingi za mteremko hapo ni kama theluthi mbili ya safari kutoka safu ya kwanza kwenda ya mwisho. Usikubali viti vya pembeni kabisa, maana kutoka huko upande mmoja wa picha uko karibu nanyi na mwingine mbali, na mistari iliyonyooka inapinda.

Kama filamu inaonyeshwa kwa njia mbili, chagua ile isiyo ya pande tatu. Picha ya kawaida ya sinema ina mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba, mdogo sana kuliko wa simu yako, na miwani ya pande tatu inaupunguza zaidi. Mboni ya mtu wa umri mkubwa hupitisha mwanga mchache kuliko ya kijana, kwa hiyo giza linalokupendeza wewe kwake linaweza kuwa giza tu. Fikeni dakika 15 kabla, simu zote zikiwa zimezimwa mkiwa bado mlangoni, ili macho yake yazoee na ngazi za ukumbi apande wakati taa bado zinawaka.

Ukumbi ukiwa na njia ya kupita katikati ya safu, chukua viti viwili vya mwanzo kandoni mwa njia hiyo, yeye akae kile kilicho upande wa njia. Mkubaliane mapema kwamba picha ikianza kumzungusha atafumba macho yote mawili, aegemeze kichwa kitini na kushika mikono ya kiti hadi tukio lipite. Sauti itamweleza linaloendelea, na kwa kawaida dakika moja inatosha. Isipotosha, mlango uko hatua chache kutoka alipo, na hatalazimika kupita mbele ya magoti ya mtu yeyote gizani.